Kamba ya Msichana wa Hadithi

Mke wangu alikuwa na hadithi moja ambayo hakuimaliza hata siku moja. Tulikuwa tukipukuchua mahindi na watoto, nyumbani Kabuku, naye anasimulia: msichana ameshika kamba, rafiki yake ananing'inia shimoni. Mkono wa pili umeshikwa na mchumba, anamwambia, twende sasa ama sikuoi. Hapo ananyamaza. Watoto wakipiga kelele, "Amwachie huyo mwanamume!" yeye hucheka na kuchukua hindi jingine.

Mimi mwisho wake niliujua. Yeye na rafiki yake wa Makuyuni waliahidiana tangu usichana kwamba kila mmoja atakuja kumtunza mwenzake arobaini ya uzazi. Alipojifungua kifungua mimba wetu, yule rafiki alikuja, akampikia uji na kumkanda maji ya moto siku zote arobaini. Zamu ya mke wangu ilipofika, mahindi yetu yalikuwa yamekomaa na nguruwe pori walikuwa wakiyamaliza. Nilimkuta amefunga kitita cha nguo. Nikamwambia, "Ukienda, usirudi."

Kusema kweli, nguruwe ningeweza kuwafukuza peke yangu. Nilikuwa na wivu tu. Alifungua kitita, akazitundika kanga zake moja moja. Akatuma salamu Makuyuni kwamba nguruwe wamemzuia. Tangu hapo hawakuonana tena.

Mwaka huu amepata kiharusi. Anachoweza kutamka ni "Makuyuni" tu. Nikapanda basi.

Yule rafiki nilimkuta amekaa mkekani, anapepeta maharage.

"Shemeji! Nguruwe wameisha?" Wala hakucheka.

Nikapiga magoti, nikaomba msamaha, nikamsihi twende wote.

"Inuka, unachafua suruali. Nilivunjika nyonga, shemeji. Hata chooni napelekwa. Hilo basi nitalipandaje?" Akapepeta kidogo. "Ile hadithi yake ya kamba, ya tangu usichana, bado anaisimulia?"

"Hawezi kusema."

Ungo ukatulia mapajani mwake.

"Kamwambie kamba niliiachia mwenyewe. Asijilaumu."

Niliyarudia maneno hayo njia nzima nisije nikayapoteza. Nilipofika, nikaketi kitandani kwake, nikamwambia yote kama yalivyosemwa. Alinisikiliza. Kisha akatazama mlango uliokuwa nyuma yangu, akautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemngoja mgeni avue viatu nje.

"Makuyuni?" akauliza.