Makro Zilizoaga kwa Zikomo

Nilipopewa kazi ya kuandika maelezo ya makro za majaribio, yaani mafungu ya amri za kujaribu programu ya kompyuta, sikujivunga. Kukaa kwenye kiti mjini Lilongwe kulikuwa bora kuliko kukaa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nikingoja mgao. Na programu yenyewe ilikuwa ya mgao huohuo: mahindi na maharage yetu. Makro ziliijaribu kwa familia za mfano, kisha shell, ile sehemu ya kompyuta inayopokea amri, ikatoa namba. Sifuri maana yake imefaulu. Namba nyingine yoyote, imeshindwa.

Makro hizo aliziandika mwenzangu, mwalimu wa zamani kutoka Bukavu, mtu mwenye adabu hadi anakera. Majaribio yake yote yalitoa sifuri. Mimi, ili nieleze kushindwa, nilitaka kwanza kuona jaribio likishindwa. Nikabuni familia yenye watoto hasi watatu. Sifuri. Nikaifuta programu nzima kwenye nakala yangu, nikaendesha makro tena. Sifuri! Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Programu isiyokuwepo ilikuwa imefaulu vizuri kabisa.

Nikafungua makro. Mstari wa mwisho wa kila moja uliandika kwenye skrini: Zikomo, yaani asante kwa Kichewa. Sasa shell hurudisha namba ya amri ya mwisho tu, na kushukuru hakujawahi kumshinda mtu. Nilimwonyesha mwalimu, naye hakuona kosa lolote.

"Mutu anaweza kutoka ku nyumba ya bantu bila kuaga?"

Nikamwambia aage apendavyo, ila kwanza aihifadhi namba ya programu, halafu aitoe hiyo mwishoni. Alinuna, akarekebisha.

Tukaijaribu kwa familia yangu: mimi, mke wangu, mwanangu aliyezaliwa Bukavu na mdogo wake wa kike aliyezaliwa Dzaleka. Ikatoka moja. Programu ilikuwa imetugawia chakula cha watu watatu. Ilihesabu waliovuka mpaka tu, na binti yangu hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Hapo kicheko kiliniisha, nikashikwa na hasira. Mwalimu alikuwa na wajukuu wawili wa namna hiyo. Alivua miwani.

Bosi wetu, Mmalawi asiyejua Kiswahili, alikuja kuuliza kwa nini tumemharibia sifuri zake, na lini atazipata tena, maana programu ilitakiwa kuanza kazi wiki hiyo. Nilimtazama mwalimu.

"Umuambie zero itarudi siku batahesabia batoto yetu."

Nilitafsiri neno kwa neno, wala sikuongeza tafadhali.