Marehemu Anapiga Pasi

Wifi yangu ameuawa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Amenyongwa, ametiliwa sumu kwenye chai, amesukumwa kutoka ngazini, na safari moja alikutwa ndani ya pipa, akatoka humo akinung'unika kwamba mgongo unamuuma na hakuna aliyefikiria kumpa hata maji. Mtaani wanamwita Marehemu. "Marehemu, shikamoo!" wanampigia kelele watoto wakitoka shule, naye anaitikia "marahaba" bila kuinua macho, kwa sababu kazi yake ya kweli, ile inayomlisha, ni kupiga pasi katika duka letu la dobi. Mimi napokea nguo na kugombana na wateja, yeye ananyoosha kola. Kaka yake ndiye aliyenioa, kwa hiyo kumcheka ni haki yangu, na haki hiyo sijawahi kuiacha ilale.

Balaa hili tuliletewa na mteja, mtayarishaji wa kipindi cha televisheni, bwana mwenye suruali za kitani ambazo hazijui maana ya kunyooka. Kipindi chake ni cha mauaji ambayo hayajapata majibu na watu waliotoweka bila maelezo. Wanachukua kisa, wanatafuta watu wa kukiigiza, na mwishoni wanaonyesha namba ya simu ya ndugu wa aliyepotea. Siku hiyo alikuja amevurugwa: mtu wake wa kuigiza maiti alikuwa ana mafua, kila wakimlaza anapiga chafya. Akamwona wifi yangu amesinzia kwenye kiti mchana kweupe, mdomo wazi. "Huyo! Huyo ananifaa." Ndivyo alivyoingia kwenye sanaa.

Maiti hazikutusumbua. Shida ilianza alipopewa kuigiza mtu ambaye hakuna anayejua kama amekufa.

Alikuwa binti muuguzi. Aliaga nyumbani asubuhi kwenda kazini, kazini hakufika, nyumbani hakurudi. Miaka imepita, hakuna mwili, hakuna habari, hakuna hata uvumi wa maana. Wifi yangu ana urefu ule ule na uso wa mviringo, basi wakamvika sweta la njano wakamtembeza kutoka mlangoni hadi kituo cha basi. Kutembea tu, hakuna cha zaidi. Watazamaji wakaipenda picha hiyo kupita kiasi, na yule bwana wa kitani akaiweka mwanzoni mwa kipindi, ikawa inaonyeshwa kila wiki.

Hapo ndipo watu walipomkalia kooni. Sokoni muuza vitunguu alimshika mkono akawa hamwachii. "Dada, mama yako anakutafuta! Huna huruma?" Benki mlinzi alifunga mlango akamwambia atulie, familia iko njiani. Wifi anapiga kelele, "Mimi ni dobi! Nimeacha pasi kwenye umeme!" na watu wanatazamana kwa huzuni: maskini, amepoteza kumbukumbu. Akakata nywele zote. Akavaa miwani. Ikawa mbaya zaidi, sasa wakasema amejibadilisha sura, bila shaka ana lake jambo. Kituo cha polisi wakamzoea mpaka wakawa wanamvutia kiti. "Marehemu, wewe tena?" anauliza askari wa mapokezi, na mimi dukani nabaki na rundo la mashati na bwana harusi anayetaka kunimeza mzima mzima.

Na kila anaposhikwa, kuna mjuaji mmoja anayepiga ile namba ya kwenye televisheni. Namba ni ya mama wa yule binti.

Mara ya kwanza mama yule alifika kituoni na mfuko mdogo. Ndani alikuwa amepanga gauni safi na viatu vya mwanawe, asije akakuta hana nguo. Wifi yangu alikuwa ameandaa matusi ya kumtosha kila mtu aliyekuwamo humo. Mama akamtazama uso, akamtazama mikono, akasema, "Siye. Pole kwa usumbufu, mwanangu," akaondoka na mfuko wake. Matusi yote wifi akayameza. Lakini alipofika dukani aliyatapika yote juu yangu, kana kwamba televisheni ni ya baba yangu.

Kilichomtia wazimu zaidi ni lile sweta. Binti alitoka nyumbani na sweta la kijivu. Mama yake aliwaambia watu wa kipindi mapema, wakamjibu kwamba kijivu hakionekani vizuri kwenye kamera. Sasa mpelelezi anayeshughulikia kisa hicho ana mashahidi wa kumwaga. Dereva anaapa alimwona binti asubuhi ile, muuza magazeti anaapa, fundi simu anaapa, na wote wanakumbuka sweta la njano. Yaani wote wanamkumbuka wifi yangu. Miaka yote polisi wanahangaika, na sasa wanahangaika wakimfuata dobi! Niambie mtu mwenye akili zake anavumilia vipi jambo kama hilo.

Maji yalipotufika shingoni tukafunga duka, tukamfuata mtayarishaji ofisini kwake. Wifi alimwambia aiondoe picha ile au suruali zake akanyooshe kwa meno.

"Watazamaji wanaipenda," akasema.

"Mama wa watu anakimbizwa kila upande kwa ajili yangu!"

"Basi mama mwenyewe aniambie niiondoe. Akisema tu, naiondoa leo leo."

Lilikuwa neno dogo tu la kumwomba mtu. Tukaenda.

Mama alitukaribisha sebuleni, akatuletea maji. Ukuta mzima ulikuwa picha za binti, kuanzia utotoni hadi siku aliyovaa sare ya kazi. Wifi yangu hajui kuzunguka.

"Mama, naomba uwaambie waiondoe ile picha. Mimi nimechoka na wewe unachoshwa bure. Kila wanapokupigia, ni mimi. Sweta ni la uongo na mimi mwenyewe ni wa uongo."

"Najua ni wewe," akasema mama. "Siku hizi wakipiga nauliza kwanza kama ana kovu la moto mkononi. Wakisema analo, najua ni yule wa pasi."

"Na bado unakwenda?" nikadakia.

"Na ikiwa siku hiyo ni mwingine mwenye kovu?"

Wifi akavuta pumzi. "Basi waambie waiondoe, upumzike."

"Hapana."

Nikaona wifi anafura. Nikamfinya paja, hakujali. Mama akanyoosha mkono ukutani.

"Zitazame. Hapa amekaa. Hapa amesimama. Hapa amesimama. Sisi hatukuwa na vitu vya kurekodi. Zote zimetulia, mwanangu. Ile ya kwenu inatembea."

"Lakini anayetembea ni mimi, mama!" Sauti ilimpanda, nikaona aibu mpaka miguuni. "Ni mimi!"

"Ni wewe, na humpatii. Yeye alikuwa mtu wa haraka. Wewe unatembea kama umetumwa chumvi."

Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Wifi akasimama kama mtu aliyechoka kubishana.

"Haraka vipi?"

Akatembea kutoka kwenye kiti hadi mlangoni.

"Zaidi. Na huo mkono wa kushoto usiurushe."

Akarudi, akatembea tena, ndala zikipiga sakafu. Mama alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti. Bega lishushe kidogo, akasema. Kichwa mbele. Wifi yangu, ambaye ukimrudishia shati moja alipige pasi upya anakutukana wewe na ukoo wako, akarudi kitini akaanza upya bila neno.

"Hapo," mama akasema ghafla, akaziba mdomo kwa kiganja. "Hapo hapo."

Nilitafuta neno la utani la kututoa pale, nikalikosa. Nilikuwa nalia.

"Rudia," akasema mama, na wifi akarudia.