Mhuri wa Torrão
Belmiro Quaresma alikuwa mtu wa barabara maisha yake yote, lakini barabara zenyewe hakuwahi kuzifaidi. Miaka thelathini na sita alichora mistari myeupe katikati ya lami, wengine wakapita juu yake kwenda kujivinjari. Alipostaafu, mkewe Ermelinda akasema sasa zamu yetu: tutashuka Barabara Namba Mbili kutoka hapa Góis hadi Faro baharini, mji kwa mji, kwa pensheni hiihii.

Na mama huyo alijua kubana matumizi! Alikuwa fundi cherehani. Katika kitambaa cha gauni moja alitoa gauni na blauzi. Safari nayo aliikata hivyohivyo. Kulala ndani ya gari, godoro limeshapimwa. Supu ya mchana kwenye kantini za zimamoto, maana huko bakuli hujaa na bei haiumi. Dagaa wa kopo, mkate wa mahindi, kahawa ya chupa kutoka nyumbani. Anasa alijiruhusu moja tu: kile kijitabu cha barabara ambacho msafiri hugongewa mhuri kila mji anaopita. Aliitaka mihuri yote, asikose hata mmoja.

Mipango ilikwenda vizuri mpaka penseli yake ilipofika Torrão.

"Hapa mhuri uko kwenye mkahawa wa Amadeu," akasema, macho kwenye ramani.

"Amadeu yupi?"

"Amadeu Rosmaninho. Si nilikuambia? Yule wa kwenye mpunga."

Alimwambia, ndiyo, mara moja tu, mwaka ule waliooana, na Belmiro hakuwahi kulisahau. Akiwa na miaka kumi na tisa Ermelinda alikwenda kusini na wasichana wenzake kupalilia mpunga. Huko Amadeu, mtoto wa msimamizi, alicheza naye dansi Jumamosi tatu mfululizo, halafu akamwambia abaki. Hakubaki. Alirudi Góis akaolewa na mchora mistari. Lakini neno hilo, abaki, lilikuwa limemkwama Belmiro kooni karibu nusu karne.

"Torrão tutaipita tu," akasema. "Dizeli."

"Dizeli gani? Si iko njiani hapohapo!"

"Kuzima gari na kuliwasha kunakula dizeli."

Ermelinda akamtazama juu ya miwani. "We mzee, una homa?"

"Mhuri tutagongewa mji unaofuata. Mhuri ni mhuri."

"Mhuri wa Torrão unagongwa Torrão. Usinichoshe."

Basi wiki nzima Belmiro hakuwa na raha. Alimwona mkewe akitoa gauni la bluu sandukuni na kulipanua kiuno. Alimsikia akiimba jikoni nyimbo ambazo yeye hakuzijua. Alhamisi akamwambia anakwenda saluni kutia nywele rangi. Rangi! Harusi ya binti yao wenyewe alikwenda na mvi zake, na leo kwa ajili ya mwuza kahawa wa Torrão anataka rangi! Wivu ukampanda. Akajiuliza ni mara ngapi, katika miaka yote hiyo, mwanamke huyu alimpakulia supu yeye huku moyo uko kwenye mpunga.

Mlango ulipofungwa tu, akatafuta namba ya mkahawa kwenye orodha ya mihuri, akapiga. Alikusudia kumpa mtu huyo vidonge vyake, avimeze na maji.

"Amadeu hapa," ikaitika sauti nzito.

"Mimi ni mume wa Ermelinda."

"Ermelinda gani, bwana?"

"Usijifanye hujui. Ermelinda wa Góis! Wa kwenye mpunga!"

Mtu yule akacheka, wala si kwa ubaya. "Rafiki yangu, wasichana wa kwenye mpunga walikuwa wanakuja lori zima kila mwaka. Wako alikuwa yupi?"

"Yule... ulicheza naye dansi. Jumamosi tatu."

"Nilicheza na wote, bwana. Ujana ule!"

"Alikuwa anaimba."

"Wote walikuwa wanaimba. Samahani sana, sikumbuki. Ila mhuri upo, karibuni. Jumatatu tunafunga."

Belmiro akakata simu. Angepaswa kufurahi, au siyo? Badala yake hasira zikamchemka upya, kali kuliko za kwanza. Ermelinda! Unamsahauje Ermelinda? Una macho kweli wewe? Akamtukana yule mwanamume, akiwa peke yake jikoni, matusi ya kiwanja cha lami. Halafu akamwona mkewe kichwani mwake, na gauni la bluu, anaingia mkahawani anatabasamu, na yule mtu anamuuliza, ndiyo mama, nikusaidie nini? Hapo akakaa kitini.

Ermelinda akarudi saa sita, nywele za rangi ya kahawia, zimelala vizuri mabegani. Alikuwa amependeza, tena sana, na hilo likamuuma zaidi.

"Torrão hatuendi," Belmiro akasema.

"Umeanza tena na dizeli yako?"

"Dizeli nini! Ni wivu!" Akapiga meza. "Nina wivu, Ermelinda. Nina wivu na yule bwana tangu siku uliponitajia jina lake. Siwezi kusimama pale na kijitabu mkononi nikimtazama anavyokutazama. Niache nilivyo, mzee mjinga. Lakini siwezi."

Ermelinda akaketi polepole. Akaishika ramani, akaiachia. Mashavu yalikuwa yamepata rangi ambayo saluni hawaiuzi.

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

"Na hukusema!" Akazigusa nywele zake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo: "Unadhani bado ananikumbuka?"

Belmiro akaitazama simu.

"Atakusahauje?" akasema. "Mwanamke kama wewe, atakusahauje?"

Ermelinda akachukua penseli, akaikata Torrão kwa mstari mmoja.

"Basi tusimtese, maskini wa watu," akasema.