Wawili wa Mlangoni

Nilipokuwa mtoto, mtaa wetu huu wa Kinyinya ulikuwa mashamba. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi walitoka, tukawaokota na kuwakaanga kwa chumvi. Bibi alitukataza wale tu waliokwisha kudondosha mabawa na kutembea wawili wawili, jike mbele, dume nyuma.

Mwaka baba alipokuwa akijenga jiko, wawili wa namna hiyo walichimba pale pale palipopimwa mlango. Baba akachukua jembe. Bibi akaja akaketi juu ya tundu.

“Toka hapo, mama. Hawa watakula mlango.”

“Waule, utanunua mwingine. Anayewatenganisha hao wawili atalala peke yake.”

“Kwa ajili ya mchwa?”

“Chimba basi. Mkeo yuko hapo, anasikia.”

Mama, aliyekuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa. “Acha, bwana. Bado sijakuchoka.”

Baba aliusogeza mlango. Mpaka leo umekaa pembeni, na wageni huuliza kwa nini.

Chuoni nilijifunza kwamba dume la mchwa haliondoki baada ya kumpanda jike. Hujifungia naye chini, na wote wawili huwalisha watoto wa kwanza kwa akiba ya miili yao. Watoto hao wakikua huchukua kazi: huchimba, hulisha, hujenga. Miaka hupita kabla koloni halijatoa wenye mabawa. Nilipomweleza mke wangu hayo, alisema, “Kwa hiyo wanaanza kama sisi. Bila mfanyakazi.”

Miaka kadhaa iliyopita wawili wengine walichimba karibu na mlango ule ule. Mke wangu ndiye aliyesogeza chungu cha maua kuwapisha. Kwa hiyo mwiko wa Bibi tuliushika. Kiangazi kilichopita nilimzika mke wangu.

Juzi fundi anayejenga kwa jirani aliona udongo umeanza kuinuka pale.

“Muzee, hii kichuguu iko karibu sana na mlango. Tupige dawa, bado iko ndogo.”

“Iache.”

“Muzee anaogopa nini?”

Nilimwambia siogopi kitu, na ni kweli. Yale ambayo Bibi alitutishia yameshanifika, bila mimi kumtenganisha yeyote. Lakini dawa huenda ikamfikia mmoja kabla ya mwingine, na sasa najua jinsi nyumba inavyokuwa kwa anayebaki.