Kukhu wa Miaka Minne

Mwalimu Zilpah Awinja amefundisha chekechea kule Chekalini miaka kumi na tisa, na kama hujawahi kumwona wiki ya kwanza ya shule, umekosa kitu. Anakuwa treni, anakuwa ng'ombe, mkono mmoja unafuta kamasi na ule mwingine umemkamata anayetorokea langoni. Kulia kwa watoto hakumsumbui, husema. Anayemsumbua ni yule asiyelia.

Januari hii alimpata mmoja.

Jumatatu asubuhi mkulima Philip Were aliegesha baiskeli, akamshusha binti yake wa miaka minne, akainama na kumwambia kwa heshima zote, "Mama, ukichoka umwambie mwalimu anipigie simu. Nitakuja mara moja."

Binti akaitikia kwa kichwa. Akaingia darasani, akautazama mkeka waliokalia wenzake, akaupita, akapanda kiti cha mwalimu.

"Unaitwa nani, mrembo?" Zilpah akauliza.

"Kukhu."

Watoto wakaangua kicheko, maana kukhu ni nyanya, na nyanya wanaowajua wao wana mikongojo. Zilpah hakucheka. Naye ni Mluhya, alielewa papo hapo. Mtoto alipewa jina la mamake Philip, marehemu Nafula, na tangu hapo babake humwita Mama, ami zake humwamkia kama mzee, na kuku akipikwa hakuna anayegusa sahani kabla Kukhu hajachagua. Ila hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba shuleni mambo ni mengine.

"Kukhu, shuka basi ucheze na wenzako."

"Wazee hawakaangi chini."

Wiki ikaenda hivyo. Wakiimba wimbo wa majina, Kukhu anatikisa mguu kitini. Wakifinyanga ng'ombe wa udongo, anawakosoa kutoka juu: "Huyo wako ni mbwa." Wakipangwa foleni kwenda kuzoeshwa choo, yeye anaenda baadaye, peke yake, mikono nyuma. Mwalimu mwenyewe siku nne nzima hakuwa na pa kukaa.

Alhamisi mwalimu mkuu, Sylvanus Shikanga, akachungulia mlangoni.

"Na huyu je? Ametumwa na wizara?"

"Bado anazoea, mwalimu mkuu."

"Anazoea kiti chako! Kesho nikimkuta hapo, babake aje amchukue. Atarudi mwakani akishakuwa mtoto."

Zilpah aliumia. Miaka yote hiyo hajawahi kurudisha hata mmoja. Na huyu akienda nyumbani kutawala mwaka mwingine mzima, si atarudi akitaka ofisi ya mwalimu mkuu?

Ijumaa hakuimbisha. Aliketi mkekani katikati ya watoto, akauliza, "Nani mwingine hapa amepewa jina la nyanya au babu?"

Kisha Lusweti akavuta kamasi, akainua mkono. "Mimi. Mama ananiitanga Kuka."

Babu huyo! Jepkorir naye akasema kwao yeye ni Kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Akainuka wa nne, wa tano. Kufumba na kufumbua mkeka umejaa wazee kumi na mmoja, wawili kati yao wamebadilisha kiatu cha kulia na cha kushoto.

"Basi hiki ni kikao cha wazee," Zilpah akasema, wala hakugeuka upande wa kiti. "Tuna shida. Vijana wetu hawanawi mikono kabla ya uji. Tufanyeje?"

"Tuwachape," Kuka akasema.

"Hapana!" Sauti ilitoka kitini. "Unawaonyesha kwanza."

"Kikao kiko huku, Kukhu. Huko juu hatukusikii vizuri."

Akautazama mkeka kwa muda mrefu. "Kogo, sogea," akasema, kisha akashuka kinyumenyume, akajipenyeza kati ya wazee wenzake.

Saa ya uji Shikanga akafika. Kiti kitupu. Akazunguka nje, akakuta foleni mbele ya debe la maji lililotobolewa, na Kukhu mbele anakagua viganja.

"Kuka, usisukume! Wewe ni mzee gani?"

Mwalimu mkuu akanyoosha mkono achukue kikombe chake.

"Baba, umenawa?"

Akamtazama Zilpah. Zilpah akatazama mawingu. Basi mtu mzima akaenda nyuma ya foleni, akasogea hatua kwa hatua mpaka debeni.

"Mwalimu, huyu abaki," akanong'ona, mikono ikichuruzika.

Kukhu akaigeuza ile mikono, huku na huku. "Kucha bado," akasema, na kumrudisha majini.