Pakacha Tupu Lililouokoa Mguu Wangu

Ndugu yangu usomaye, kaa kitako nikusimulie, lakini usikae sana. Kukaa ndiko kulikotaka kunitia kaburini.

Mimi ni fundi cherehani wa Tibirinzi. Miaka hii ya vyama na mikutano kila mtu anataka kanzu mpya, nami nimeshona mpaka nadhani nusu ya Pemba imevaa mkono wangu. Tangu alfajiri hadi magharibi nimekaa, mguu uko kwenye pedali, na kando yangu chai tamu ya kusimamisha kijiko. Tumbo likawa linanitangulia kuingia msikitini.

Kisha ikaja kiu. Nilimaliza mtungi nikatamani kisima. Nikisinzia mchana naota bahari imegeuka maji baridi, nami naifuata ikikauka kwa mafunda yangu. Naamka kwenda kukojoa, na pale nilipokojoa sisimizi wamejaa kama walioalikwa harusini. Nikakonda. Miguu ikafa ganzi. Nikitembea nakanyaga pamba, kama mtu apitaye ndani ya ndoto ya mwenziwe.

Mkwe wangu, Bi Mize, akasema, "Huyu ana shetani, na shetani wake anataka vitamu."

Nikaletewa sinia: halua, asali, ndizi mbivu. Shetani akala kwa kinywa changu, nami nikazidi kuzama.

Siku moja mke wangu Asha aliona damu kwenye pedali. Sindano iliyoanguka ilikuwa imenizama kidoleni mwa mguu, wala sikuhisi. Kidole kikavimba, kikatoa usaha. Akanipeleka hospitali.

Daktari akaubonyeza mguu. "Unasikia?"

"Sisikii."

"Hii ni sukari, fundi. Kidonda kisipopona, mguu tutaukata."

Nikauona mguu wangu unakwenda zake njiani peke yake, umevaa ndara, unaniaga. Na fundi bila mguu atakanyaga cherehani kwa kitu gani?

Akanipa dawa, akanikataza vitamu. Kidonda kilipofunga akasema, "Sasa vaa viatu, utembee kila asubuhi."

Kutembea kwenda wapi? Kwetu mtu mzima hatembei bure. Siku ya kwanza kila baraza iliniuliza, "Wendapi, fundi?"

"Siendi pahala. Natembea tu."

Wakanihurumia. Wakanikalisha, wakanipa kahawa na halua, nami nikaona haya kukataa. Nikarudi nyumbani mgonjwa kuliko nilivyotoka.

Asha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa pakacha tupu, kikapu cha makuti. "Shika hili. Mwenye pakacha ana safari yake, hazuiwi."

Basi nikawa napita kwenye umande, harufu ya karafuu imetanda, pakacha tupu mkononi. "Nawahi, Mzee Faki," namwambia jirani, na siwahi chochote. Njia ikawa laini na ndefu, nikadhani nitatokea Makangale, huko kaskazini mwa kisiwa, ningali nimelala. Taratibu kiu ikapungua, sisimizi wakahama. Asubuhi moja kijiwe kikaingia kiatuni, nikasimama njiani nikilia kwa furaha. Kilikuwa kinaniuma.

Namshukuru Mungu, daktari na Asha. Nawe ukiona kiu isiyokatika, usimlishe shetani, nenda ukapimwe. Dawa usiache, miguu uikague, na utembee. Ukiona haya, pakacha nitakuazima, ila njoo jioni. Asubuhi lina safari.