Ghorofani Hakuchimbiki

Naishi ghorofa ya kumi na moja, Kariakoo, juu ya kiwanja changu mwenyewe. Watu wakisikia hivyo wanadhani nimepanga. Sijapanga. Hapo chini yanapolala magari sasa palikuwa na nyumba yangu ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna kisima. Akaja tajiri mwenye hela za kujenga, tukakubaliana: mimi natoa ardhi, yeye anapandisha jengo, mimi napata fleti juu na duka la vitenge chini. Nilichagua juu kabisa kadiri nilivyopewa. Shule niliiacha darasa la tatu, na kazi yangu ya kwanza mjini ilikuwa kuchimba vyoo vya shimo, Magomeni, Kigogo, popote nilipoitwa. Mtu aliyeanzia chini ya ardhi hawezi kwenda kumalizia ghorofa ya kwanza.

Sijuti. Nalisema mapema ili msomaji asikae kusubiri nijute.

Mke wangu hakuipenda fleti ile. Hakusema. Alifagia marumaru yasiyo na vumbi, akasimama dirishani kuangalia winchi za bandarini, akarudi kufagia. Majirani tulikuwa tunawasikia zaidi ya kuwaona. Mtu wa juu yetu akivuta maji ya choo, yanashuka ndani ya ukuta wa chumba chetu cha kulala, shwaa, mpaka chini. Mimi nilizoea. Yeye alipougua, akawa wa kulala tu, kichwa chake kilikuwa kwenye ukuta ule ule.

Siku moja maji yakashuka, akaniambia, "Umesikia?"

"Bomba hilo."

"Hiyo ndiyo njia mtakayonipitisha?"

Nilimwelewa hapo hapo. Kwetu maiti haoshwi ovyo. Kinawekwa kitanda cha kamba chumbani, chini yake linachimbwa shimo, na maji yote yaliyomgusa yanaingia humo, kisha linafukiwa. Yale maji ni yake. Hayaachwi yakaenda kuchanganyika na uchafu wa watu. Mtoto wetu wa kwanza alioshwa hivyo, chumba cha nyuma cha nyumba ile ya zamani. Siku tingatinga lilipokuja kubomoa, mke wangu alisimama ng'ambo ya barabara, akaliangalia likichota udongo wa chumba kile na kuumwaga kwenye lori. Alijifunga khanga vizuri, akaniambia twende.

Sasa ananiuliza, na mimi naangalia sakafu. Chini ya marumaru kuna zege, chini ya zege kuna mtu amelala anaangalia mpira. Ungechimba wapi?

"Nataka udongo," akasema. "Sikuombi kingine."

Nikamwambia basi nimpeleke Magomeni kwa mdogo wake, akakae huko kabisa. Akakataa. "Ulinihamisha mara moja nikiwa hai, inatosha. Safari hii nihamishe nikiwa sijui."

Tatizo ni kwamba Magomeni nilikuwa sikanyagi. Huyo shemeji yangu ana nyumba kama ile niliyobomoa mimi, na wanunuzi wamemwendea wee, anawafukuza. Nilipomshauri auze alinikatalia mbele ya watu, nikamwambia atakufa maskini amekalia dhahabu. Akanijibu, "Mimi nitafia chini, shemeji. Wewe utafia hewani, tukuokote kama kunguru." Watu walicheka. Tangu siku ile sikupiga hodi kwake.

Nikaenda. Nilimkuta ukumbini, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi yupi? Wa huko mawinguni?" Hakuinua macho. "Karibu. Kumbe miguu bado inajua ardhi."

"Nimekuja kuomba chumba."

"Cha kupanga? Jengo limekutapika?"

"Cha dada yako."

Mikono ikasimama juu ya mchele. "Ameshakufa?"

"Bado. Anataka udongo."

Aliuweka ungo chini, akainuka kwa kushika ukuta, magoti yake mabaya kama yangu, akanipeleka chumba cha mwisho. Sakafu ya saruji, ya zamani, imeng'aa kwa miguu ya watu. Katikati pana kiraka, saruji ya rangi nyingine, urefu wa mtu.

"Hapo yapo maji ya mama yetu," akasema. "Dada atakaa pembeni yake. Lakini fundi simtafuti. Utaivunja wewe sakafu yangu, kwa mikono yako, na pete zako hizo."

"Nitaivunja."

"Na ukimaliza unairudisha kama ulivyoikuta."

"Nitairudisha."

"Haya. Sasa kaa ule. Umekonda kama mwenye nyumba ya kupanga."

Mke wangu nilimwambia. Alifumba macho, akasema, "Pembeni ya mama," basi. Tangu hapo bomba likilia hakugeuza shingo.

Akafa asubuhi, mimi nikiwa namshika mkono. Mwanangu akaja, ana kazi ya ofisini Posta, msomi, mtoto mzuri. Akasema, "Baba, msikiti uko hapo chini tu. Kuna chumba cha kuoshea, marumaru, mabomba, kila kitu. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya. Maji yanakwenda wapi?"

Akageuka kuuangalia ukuta wa bomba.

"Kaite gari," nikamwambia.

Lifti ya mizigo ilikuwa mbovu, imebandikwa karatasi. Ile ya watu machela haiingii ikilala. Ngazi za jengo lile zina kona fupi, ungembeba kwa kumpindapinda kama kabati. Nikaenda roshani, nikaleta kiti cha plastiki. Mwanangu akasema, "Baba, hapana." Nikamwambia ashike upande wa pili. Nilikuwa nimeshamfunga kidevu kwa kitambaa, nikamvika mtandio mpaka kwenye nyusi, nikamfunga kiunoni kwa khanga asiteleze. Tukamwingiza hivyo, amekaa, mimi nyuma nimemshika mabega.

Ghorofa ya saba lifti ikasimama. Akaingia binti, kavaa vizuri, anawahi kazini, manukato yakajaa mle ndani.

"Shikamooni."

"Marahaba," nikasema. Niliitikia kwa wote wawili.

Akamwangalia. "Bibi anaumwa?"

"Amechoka."

"Pole, bibi. Utapona, inshallah."

Mwanangu aliugeukia ukuta. Mimi nilikuwa naangalia zile namba zikishuka, na mabega ya mama yake mikononi mwangu yalikuwa bado hayajapoa sawasawa. Chini, yule binti akashika mlango usijifunge mpaka tulipotoka. Majirani wa miaka yote ile, na huyo ndiye aliyemuaga mke wangu.

Magomeni turubai lilikuwa limeshafungwa mtaani, mikeka imetandikwa, masufuria yako motoni. Nilivua kanzu nikabaki na fulana. Vijana walitaka kunipokea sururu yangu, nikawakatalia. Saruji ile ilikuwa ngumu, ya enzi za watu waaminifu. Ilipopasuka ukatoka udongo mwekundu, wenye unyevu, na harufu niliyokuwa sijaisikia miaka. Mikono ilikumbuka yenyewe. Niliponyoosha kingo shemeji akachungulia mlangoni, akasema, "Choo hicho au?" Nikacheka, na ndipo nikakaa chini mle shimoni, mpaka wakaja kunitoa.

Wanawake wakamwosha. Nilikaa nje ya mlango nikasikiliza maji. Hayakwenda mbali. Yaliishia pale pale.

Baada ya arobaini nikarudi na saruji, nikaziba. Kiraka kipya ni cheusi kuliko cha mama yao. Shemeji akasimama juu yake kukipima kwa kisigino.

"Pamebaki nafasi moja," akasema, "na ni yangu. Wewe kachimbiwe huko huko juu."

Niliaga, nikarudi Kariakoo, nikapanda. Kitanda sikukihamisha, kichwa kiko ukutani pale pale. Maji ya watu yanashuka.

Siku ya pili akanipigia simu. "Shemeji, sururu yako umeisahau nyuma ya mlango wangu."

"Sijaisahau."

Nilisikia mchele ukipepetwa kwenye ungo, muda mrefu. Kisha akakata simu. Sururu hajairudisha mpaka leo.